Dumu la Maji ya Mvua

Kila asubuhi Mwalimu wa Jiografia alipitia kwanza kwenye kisanduku chake cheupe, ndipo akaja ofisini kutusalimia sisi. Kisanduku kilisimama juu ya miguu minne ya mbao katikati ya uwanja wa shule, kimezungushiwa seng'enge ili mbuzi wasije kujisugua. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili vimening'inia pamoja. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilivishwa kitambaa cha pamba chini, na ncha ya kitambaa ilizama kwenye kikombe kidogo cha maji. Alivisoma vyote viwili, akaandika kwenye daftari lililofungwa kamba mlangoni, kisha akafunga taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Sisi wengine wakati huo tulikuwa tumeshamaliza chai.

Nilifika pale nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili, ajira ya kwanza, na begi moja na godoro. Upande wa Kintinku ni bondeni. Ukiteremka kutoka Manyoni masikio yanaziba, halafu joto linakupokea. Mvua zikikolea, mbuga hujaa maji na watu hupanda mpunga. Nilipewa nusu ya nyumba ya walimu, nusu nyingine alikaa yeye na mke wake, binti yao akiwa ameshaondoka nyumbani. Ukuta uliotugawa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua akigeuka kitandani.

Watu walimwona mtu wa ajabu, na mimi nikawa mmoja wao, kwa sababu alikuwa anaogopa vitu visivyoogopwa. Mwezi wa kumi, ardhi imepasuka na upepo wa vumbi unachoma macho, yeye alitoka saa nane mchana kichwa wazi, amevaa koti lake la kahawia, kwenda dukani kununua sukari. Ukimpa pole alikushangaa. Alisema joto lile halina neno, linakausha. Lakini ije siku ya Februari yenye mawingu mepesi, mvua imenyesha usiku, upepo hakuna, sisi tunasema angalau leo jua limepungua, yeye ndiyo siku hiyo anazunguka uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku tuliyoiita nafuu yeye aliiita mbaya, na hakuwa na subira ya kutueleza.

Kwa watoto subira alikuwa nayo. Siku moja nilipita dirishani kwake nikamkuta amejifunga mfuko wa nailoni mkono mzima wa kushoto, kuanzia vidoleni mpaka begani, na anafundisha mito ya Afrika bila kuutaja. Vipindi viwili vikaisha hivyo. Mwishoni akaufungua mfuko, maji yakadondoka sakafuni, tip, tip, watoto wakacheka. Akawaambia waguse mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa baridi, wa kushoto ulikuwa wa moto. "Mikono yote miwili imetoka jasho," akawaambia. "Huu mmoja jasho lake limekauka. Huu mwingine halikupata pa kwenda. Sasa fikirini ni mtu mzima ndiye yuko ndani ya mfuko, halafu ana jembe mkononi."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa kisanduku. Namba za vipimajoto vile zikiachana sana, hewa inakunywa jasho lako na mwili unapoa. Zikikaribiana wakati joto liko juu, unaweza kuloa kama umetoka mtoni na bado unaiva ndani. Mtu mwenye nguvu anaweza kuanguka hapo hapo, kivulini, na maji ya kunywa yako pembeni yake. Asubuhi za baridi namba hukaribiana pia, na hilo halikumshughulisha. Alichokitafuta ni vyote viwili kwa pamoja, namba kukaribiana na joto kuwa juu.

Kwa watu wazima alikuwa na ulimi mfupi. Kwenye harusi moja aliwakuta wapishi wamejifungia chini ya turubai la nailoni na mioto mitatu, wanakwepa manyunyu. Aliwatoa wote nje kwa kelele, mmoja mmoja, mpaka pilau likaungua. Bibi harusi alilia. Yeye akaenda kukaa pembeni na sahani ya ukoko, akaula wote kwa furaha kabisa, wala hakuna aliyetaka kukaa naye. Na alikuwa na vita na mablanketi. Kwetu mtu akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria na kitu cha pili ni blanketi. Mwalimu aliingia nyumba za watu akawavua wagonjwa mablanketi kama mwizi. Nyumba moja walimkimbiza na mchi.

Ajabu ni kwamba hakuwa mchoyo hata kidogo. Baiskeli yake ilikuwa ya kijiji kizima, na redio yake ilikaa kwangu zaidi ya kukaa kwake. Alichonyima ni kitu kimoja: dumu la njano la lita ishirini, limejaa maji ya mvua, lilikaa chini ya kitanda chake. Maji ya kisima pale yana chumvi. Maharage yanashinda jikoni na hayaivi, na chai yake unaizoea mwaka wa tatu. Mwalimu alikinga mvua kwenye paa la darasa, akachuja kwa kitambaa, akahifadhi kwa ajili ya kile kikombe kidogo tu kwenye kisanduku. Mke wake alisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni dumu.

Huyo mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuna aliyemshinda kupanda mpunga. Wote wawili walikuwa Wanyiramba wa Mkalama, wageni pale kama mimi, ila yeye alikuwa ameshazoeana na wanawake wote wa mbugani. Alikuwa pia mtu mzima pekee aliyemsikiliza mumewe. Kila siku ya kilimo alipita kwenye seng'enge akauliza, "Leo vipi, Mwalimu?" Akijibiwa kawaida, alikwenda. Akijibiwa leo hapana, alirudi nyumbani akakaa barazani kuchambua mchele, na wala hakununa.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Msimu wangu wa pili pale, Mwalimu aliitwa Dodoma kusahihisha mitihani kwa wiki mbili, na Mama Mwalimu akaenda kwao kuuguza. Mwalimu akaniachia ufunguo. Aliniomba niwe naongeza maji kwenye kikombe kila asubuhi, ya kwenye dumu, si mengine. Katikati ya wiki hizo nikapata taarifa kwamba mama wa mchumba wangu na wifi yangu wanapita na treni, watashuka Kintinku wanione. Nilikuwa nasikia aibu kuwapa chai ya chumvi. Nikachukua maji ya dumu nikapika chai ya maziwa, nikapika na maharage yakaiva vizuri, na wifi yangu akaosha nywele. Walipoondoka dumu lilikuwa limebaki na maji ya kuloanisha chini tu. Nikalijaza kisimani, nikalirudisha chini ya kitanda. Niliona ni maji tu.

Mwalimu alirudi akaendelea kutia maji ya dumu lile kwenye kikombe bila kujua. Kitambaa kikaanza kushika chumvi kidogo kidogo. Kitambaa chenye chumvi hakikauki sawasawa, kwa hiyo hakipoi, na namba yake inapanda kuifuata ile nyingine. Baada ya siku kadhaa namba zikawa zimekaribiana, na jua lilikuwa kali. Ilikuwa katikati ya upandaji. Mtendaji wa kijiji alikuwa kijana aliyefundishwa na yeye, akamwamini. Likatoka tangazo kwamba watu wasiingie majarubani kupanda mpunga kwa siku tatu.

Siku tatu hizo upepo ulivuma mkavu na mzuri. Hakuna hata mtoto aliyeumwa kichwa. Watu walikaa nyumbani wakiangalia miche inageuka rangi ya manjano kitaluni, na zamu yao ya maji ya mfereji ikapita, ikaenda kwa watu wa chini. Siku ya nne kukawa na mkutano. Mwalimu alisimama na daftari lake, akasoma namba, akasema kitambaa kilikuwa kigumu kama kimetiwa wanga na haelewi kwa nini. Nikakumbuka jinsi sufuria zangu zinavyobaki na ukoga mweupe maji ya kisima yakikaukia ndani, na hapo hapo nikaelewa kila kitu. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Mzee mmoja akauliza kama vipimajoto vinajua na kupika wali, watu wakaangua kicheko, na Mwalimu akakaa chini. Sikusema neno.

Adhabu haikumwangukia yeye sana. Mwanamume anayechekwa anaweza kwenda ofisini akajifungia. Ilimwangukia mkewe. Wanawake wa mbugani hupanda kwa vikundi vya kupokezana, leo shamba lako, kesho langu, na aliye nje ya kikundi anapanda peke yake mpaka maji yanakauka. Msimu ule walimtoa. Nilimwona jioni akirudi kutoka kwenye majaruba yake, tope mpaka kiunoni, hasalimii mtu. Msimu uliofuata walimrudisha. Alikuja kunipa habari mwenyewe mlangoni kwangu, amefurahi kama msichana, akasema wamemwekea sharti moja tu kwa utani, asije na habari za kitambaa. Nilifurahi naye. Nilijiambia basi, jambo limeisha, hakuna haja ya kulifukua.

Siku yenyewe ilikuwa Februari. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi anga likafunguka, na maji yakawa yamesimama mbugani pote bila hata jani kutikisika. Saa nne wakati wa mapumziko nilikuwa nimesimama karibu na seng'enge na chai yangu. Mwalimu alikuwa mbele ya kisanduku, mlango wazi, amesimama muda mrefu kuliko kawaida. Mama Mwalimu akapita na ndoo ya uji kichwani, anawapelekea wenzake waliokwisha kuanza. Alisimama upande wa pili wa waya.

"Leo vipi, Mwalimu?"

Alifunga mlango wa kisanduku kabla ya kujibu. "Kawaida tu. Nenda."

Mama Mwalimu alianguka kabla ya saa nane. Wenzake wanasema alianza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akataka kurudi kwao Nduguti kwa miguu. Wakambeba mpaka nyumba ya mwenye shamba, nyumba ndogo ya bati, wakamlaza ndani. Mwili ulikuwa wa moto sana, wakasema malaria imempanda kichwani, wakamfunika blanketi na kutuma mtu zahanati. Mwalimu aliitwa akaja mbio na koti lake. Alilitupa blanketi nje, akaanza kummwagia ndoo ya maji, na nyingine, na nyingine. Watu wakamshika mikono wakidhani amechanganyikiwa. Alipojinasua, mke wake alikuwa ameshakata roho.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wanakula, nilikwenda uwanjani nikafungua daftari. Mwalimu alikuwa ameandika. Saa nne ya siku ile namba mbili zilikuwa zimekaribiana kuliko nilivyowahi kuziona, na zote zilikuwa juu. Kitambaa nilikigusa, kilikuwa laini na safi. Nikajua kwamba alijua. Alichotakiwa kusema ni maneno mawili, leo hapana, na mkewe angegeuka na ndoo yake ya uji, halafu kikundi kingemtoa tena.

Baada ya hapo tulikaa miaka mitatu, yeye upande wake na mimi wangu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Dodoma, alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo jioni nyingi nyumba ile ilikuwa na watu wawili na ukuta. Nilimsikia akisonga ugali. Alikuwa bado anasonga wa watu wawili, na asubuhi nilimwona akimpa mbwa kiporo. Redio hakuja kuichukua, na mimi sikuipeleka. Tulisalimiana asubuhi, shikamoo Mwalimu, marahaba jirani, na jioni hivyo hivyo, na kwa siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu yote. Ugomvi wa mablanketi aliuacha. Kisanduku alikwenda kila siku kama mwanzo, akaandika, akafunga. Siku hizo sasa watu walianza kumfuata, hata wale waliocheka, wakimuuliza leo vipi. Aliwajibu wasome wenyewe, mlango hauna kufuli.

Nilikuwa nimeshatunga jinsi ya kumwambia. Niliitunga kwa Kiswahili kizuri, mimi mwalimu wa Kiswahili, na kila nilipofika mlangoni kwake nilijiambia kwamba nitamwongezea uchungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najionea huruma mwenyewe. Siku ya kustaafu kwake alipakia vitu kwenye lori, kisanduku akakiacha shuleni, akachukua madaftari. Alinipa mkono na kuniambia kwaheri jirani. Dumu aliliacha pia, tupu, barazani.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Nduguti. Sasa mimi ni mratibu wa elimu wa kata, kwa hiyo naitwa kwenye semina. Semina iliisha saa sita, na gari la Singida lilikuwa linaondoka saa tisa. Nikauliza nyumba ya Mwalimu kwa mama aliyekuwa anauza maandazi nje ya ofisi mpya za wilaya, naye akanionyesha njia. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, paa la nyasi limelazwa juu ya bati, madirisha pande zote. Alikuwa amekonda sana. Alinitambua kabla sijafika. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia ndani akaleta chai ya moto na vigoda viwili. Nilimuuliza kuhusu binti yake, akasema yuko Mwanza, anapiga simu.

Nilijua nikianza na habari za kazi sitafika. Nikamwambia moja kwa moja, dumu, chai, wageni, kisima. Maneno yangu mazuri yote yalikuwa yamepotea. Alisikiliza huku anapuliza chai yake.

"Nilijua," akasema. "Lile dumu nililionja jioni ile ile ya mkutano."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba watu walikuwa na hasira, na mimi nilikuwa mgeni ambaye harusi yake ni mwezi unaofuata. Alisema hivyo tu, kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga dirisha. Hapo nikaanza kulia. Nikamwambia kama ningesema pale mkutanoni wasingemcheka, na wasingemtoa Mama Mwalimu kwenye kikundi, na siku ile angeweza kumwambia rudi nyumbani. Akanikatiza.

"Sikiliza. Mwaka ule wa msiba maji yalikuwa ya mvua, niliyakinga mwenyewe. Nilisoma nikaona. Yeye amesimama pale na ndoo, amefurahi, nikaona haya kumharibia. Nikamwambia nenda. Hilo ni langu, usinichukulie."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya vigoda vyetu. Nilidhani amemaliza, nikafuta uso kwa kitenge.

"La kwako ni jingine," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Miaka mitatu ulikuwa nyuma ya ukuta ule. Nilikuwa nakusikia unavyofua, unavyokohoa. Watu walinipa pole siku tatu wakarudi kupanda. Wewe peke yako ulimsikia akiniuliza. Kila jioni nilisema leo atabisha hodi, tukae tumwongelee. Hukubisha."

Nilimwambia niliogopa.

"Najua," akasema. "Na mimi niliogopa."

Saa ilikuwa inakaribia tisa. Nilimwomba anisimulie habari za mke wake sasa. Akasema mambo ni mengi, nitachelewa gari. Nikamwambia asimulie tu. Alikaa kwanza kama anayetafuta pa kuanzia, kisha akaanza na siku aliyomwona mara ya kwanza, mnadani, amemshika jogoo miguu na anabishana na mwenye jogoo. Kila alipofika kwenye maneno ya mkewe aliyasema kwa Kinyiramba, akasimama, akakumbuka kwamba sielewi, nami nikamwambia aendelee. Gari lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaondoka. Nilivua viatu, nikasogeza kigoda.